Kipimo cha Darasa la Sita

Kazi nyingi nimezikosa kwa sababu niliacha shule mapema. Moja tu nimeipata kwa sababu hiyohiyo, na hata hiyo nusura niikose kwa kujifanya nimesoma.

Nilikuwa Tororo, nimetoka Busia ambako nilisukuma baiskeli za mizigo mpakani hadi magoti yakaanza kuongea. Kabla ya hapo nilikuwa nimechoma matofali, nimeuza miwani ya jua, nimelinda malori yanayosubiri kuvuka, na kwa wiki mbili nilimsaidia fundi wa meno ya bandia ambaye mwenyewe hakuwa na meno. Kitu kimoja hakijabadilika katika kuzurura kwangu: nasoma kila kilichoandikwa. Nasoma magunia ya saruji, chupa za dawa ya kupe, kipande cha gazeti kilichofungia chapati. Kwa hiyo nilipoona tangazo kwenye mlango wa ofisi moja karibu na soko, nilisimama nikalisoma hadi mwisho. Walitaka mtu wa kupima karatasi za afya, kama zinasomeka. Sikuelewa karatasi inapimwaje, kwa rula au kwa mizani, nikaingia kuuliza.

Mezani alikuwa mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita madam. Miwani moja ilikuwa puani na nyingine kichwani, na baadaye nilikuja kujua kwamba zote mbili alizitafuta kila asubuhi.

"Umesoma hadi wapi?" akaniuliza.

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote ninapoomba kazi. "Nimemaliza sekondari, madam."

Akafunga daftari. "Pole. Tunatafuta mtu aliyeishia darasa la sita au la saba."

Nikafika mlangoni, nikageuka. "Madam, nilikuwa nakudanganya. Mimi ni wa darasa la sita."

"Dakika moja iliyopita ulikuwa umemaliza sekondari."

"Imeshuka."

Hakucheka, lakini miwani ya kichwani ilisogea. "Una ushahidi?"

Hapo alinikamata. Cheti cha kusoma kipo, mtu hukifunga kwenye nailoni na kukificha chini ya godoro. Cheti cha kutosoma hutolewa na nani? Nikatoa simu, nikampigia dada yangu mkubwa, yule aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Anaishi Tiira, ambako huosha mchanga wa mashimoni na kutoa punje za dhahabu. Nikaweka sauti juu ili madam asikie.

"Dada, mwambie huyu madam niliacha shule darasa la ngapi."

"La sita, muhula wa pili," dada akasema bila kufikiri. "Alifuata lori la samaki. Siku nane hatujui aliko, kisha akarudi, na harufu ilifika kabla yake. Kuna nini, madam? Ameiba?"

"Hapana, mama. Tunataka kumpa kazi."

"Kazi ya kutosoma?"

"Ni kama hivyo."

"Basi mmepata fundi," akasema dada, akakata simu.

Nilianza kazi siku hiyohiyo. Madam alinieleza kwamba kompyuta ya ofisi ilikuwa na kipimo chake. Ukiipa karatasi, inahesabu urefu wa maneno na urefu wa sentensi, kisha inakuambia msomaji anahitaji miaka mingapi ya shule. Shida ni kwamba kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake ni mafupi kama hatua za kuku. Kiswahili kinapakia mzigo wote kwenye baiskeli moja: nani, lini, amemfanyia nani, vyote neno moja. Madam aliandika "Watakapokupatia dawa, waulize inavyotumiwa," na kompyuta ikasema hiyo ni sentensi ya mtu wa chuo kikuu. Akaipa barua ya mwanawe wa darasa la nne, ya kuomba viatu vya michezo. Kompyuta ikamwona mtoto ni profesa.

"Ndiyo maana nimekuajiri," akasema. "Kipimo ni wewe. Ukielewa, karatasi imepita."

"Nisipoelewa?"

"Kosa ni la karatasi. Si lako."

Nimekaa mbele ya meza nyingi maishani, za walimu, za polisi, za makarani wa forodha. Hakuna hata moja iliyowahi kuniambia hivyo. Nikasoma siku hiyo karatasi kumi na moja, na saba nikazifelisha kwa raha zangu zote.

Tatizo lilianza wiki ya tatu. Mtu mdadisi akikaa na karatasi za afya kutwa nzima, zinamwingia. Nilianza kusema "maambukizi" nikiwa nakunywa chai. Siku moja mlinzi wa ofisi alilalamika mgongo, nikamwambia aangalie figo. Madam alisikia akiwa dirishani.

"Nani amekufundisha figo?"

"Karatasi ya juzi, madam."

"Sikiliza. Ukirudi nyumbani jioni, usisome chochote. Unaniharibia kipimo."

Ndiyo mara ya kwanza nilipojua uchungu wa mwanafunzi anayekatazwa kitu. Nilisoma kwa siri, nikiwa nimejifunika shuka.

Karatasi iliyonigeuza ilikuja katikati ya juma. Ilianza hivi: "Zebaki ni sumu." Nikanyoosha mkono.

"Madam, zebaki ndiyo nani?"

Akanieleza. Nikacheka. Kumbe ni ile mekyuri, yale maji ya fedha wanayochanganya na mchanga kule Tiira ili ikusanye dhahabu kama mama anavyokusanya watoto mvua ikinyesha. Ukimaliza unaikamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge kidogo cha kijivu, unakiweka juu ya makaa. Mekyuri inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Tangu utotoni nimeona hivyo. Tukafuta zebaki, tukaandika mekyuri, nikaendelea kusoma.

Chini kulikuwa na orodha ya dalili za mtu ambaye moshi huo umeanza kumwingia. Mikono kutetemeka. Kukosa usingizi. Kusahausahau. Ladha ya chuma mdomoni. Hasira za haraka.

Kuhusu hasira sikushtuka, maana dada yangu alikuwa nazo kabla dhahabu haijagunduliwa. Lakini Krismasi iliyopita alikuwa amenimiminia chai, na nusu yake ilikaa kwenye sahani. Alisema ni baridi. Alikuwa amenipa sindano nimtungie uzi, yeye aliyekuwa akishona sare zetu kwa mwanga wa moto bila kutazama. Alisema ni macho. Na dada yangu huchoma kile kidonge jikoni, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, juu ya jiko lilelile linaloivisha ugali.

Nikaisoma karatasi mara ya pili, polepole. Mara hii sikuwa nampimia mtu yeyote. Kuanzia siku hiyo nilitaka jambo moja tu: dada yangu atoe kile kidonge jikoni.

Nilimpigia simu jioni nikamsomea yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma vizuri," akasema. "Ungekuwa hivi darasa la sita, tungekuwa mbali." Akakata.

Ofisi ilikuwa na utaratibu wake. Karatasi ikishanipita mimi, lazima ijaribiwe sokoni, kwa watu wengi. Tukaenda Nagongera siku ya soko, na madam akaleta njia mpya. Kwenye karatasi ya jaribio kila neno la tano lilikuwa limefutwa na kuachwa kistari, na msomaji ajaze. Akijaza sawasawa, maana yake karatasi inajieleza. Kila anayeshiriki angepewa kipande cha sabuni, kama shukrani ya muda wake.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuja kuuza mbuzi. Nilimsomea: "Mama mjamzito asikae karibu na," nikanyamaza, nikamwonyesha kistari.

"Mume wake," akasema mzee.

"Mzee, fikiria kidogo."

"Nimefikiria miaka arobaini. Andika."

Jibu lilikuwa moshi. Nikamtazama madam. Madam aliandika kosa, kisha akafuta, kisha akaweka alama ya kuuliza. Sentensi ya pili ilisema kisiwekwe chombo cha chakula juu ya kitu fulani, na mzee akajaza kichwa, kwa kuwa wauza ndizi walikuwa wamempita wakimgonga na masinia tangu asubuhi. Ya tatu, palipotakiwa dirisha, akajaza mlango, akapewa sabuni yake, akainusa, akaenda.

Hilo la sabuni ndilo lililotumaliza. Sisi watu wa huku, ukituuliza maswali halafu ukampa mtu zawadi, tunajua huo ni mtihani na aliyepewa amefaulu. Na mtihani mtu haachi ndugu yake aingie kipofu. Saa moja haikupita, foleni ikawa ndefu hadi kwa wauza dagaa, na majibu yakawa yanatembea kutoka mbele kwenda nyuma haraka kuliko sisi. Mama mmoja alifika mbele yangu, kabla sijatoa karatasi akaanza, macho ameyafumba: "Ya kwanza moshi. Ya pili jiko. Ya tatu dirisha. Ya nne mtoto."

"Mama, bado sijakuuliza."

"Ya tano mikono. Leta sabuni, mimi nakwenda, watoto nangoja."

Kijana wa boda alikuwa ameandika majibu kwenye kiganja kwa kalamu, na jasho lilipofuta la tatu akamgeukia jirani yake bila aibu: "Ya tatu ilikuwa mlango ama dirisha?" Jirani akamjibu: "Dirisha, wewe mjinga! Mlango ilikuwa ya mzee wa mbuzi, alifeli."

Mchana wote hakuna aliyekosa. Wengine walisifia. "Karatasi yenu mzuri sana, imeingia kabisa," alisema baba mmoja, akaishika vizuri mbele yake, juu chini. Mgeni amekuja na sabuni kutoka mbali, utamwambiaje hueleweki? Hiyo ni adabu. Madam aliporudi kwenye gari alikuwa na furaha ya mtu ambaye hesabu zake zimekubali.

"Imepita," akasema. "Kesho naipeleka ichapwe."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na kiti kinachozunguka. Lakini niliona dirisha la jikoni kwa dada, limefungwa.

"Madam," nikasema, "hapa Nagongera hakuna anayechoma mekyuri. Tumewauliza wavuvi kuhusu ngamia. Tena majibu yamevuja."

"Yamevujaje?"

Nikamwonyesha kiganja changu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikiwa, na mama wa dagaa aliyenihurumia kwamba sikuwa na sabuni.

Madam akavua miwani ya puani, akaweka ya kichwani. "Tiira ni mbali?"

"Kwa dada yangu si mbali."

Tulifika Tiira keshoye mchana. Dada alitupokea vizuri, akatandika kitambaa cha meza kile cha wageni, akamimina chai. Madam aliona sahani inavyojaa. Aliniangalia mara moja.

Kabla hata hatujaeleza shida, dada akaivuta karatasi kwake. Ni lazima niseme kwamba dada yangu ndiye msomaji wa masomo kanisani kwao. Akisimama kusoma, hata watoto wanaacha kusukumana. Akasimama pale sebuleni, akasafisha koo, akasoma karatasi ya mekyuri kama waraka wa mtume. Kila kistari alikijaza bila kutua. Alipofika "Choma mahali pa wazi, penye upepo," aliinua sauti na kunyoosha mkono, ule mkono unaotetemeka, hadi nikahisi niseme amina.

"Yote!" madam akasema. "Amepata yote, tena huyu hakuna aliyemvujishia!" Ile simu yangu ya jioni sikuitaja. Madam akamshika dada mikono yote miwili, akamshukuru, akatoka kwenda kwenye gari kuchukua sabuni.

Dada akasubiri mlango ufungwe. Kisha akaingia jikoni, akavuta dirisha, akalifunga kwa kijiti, akatoa kitambaa kidogo ndani ya kikombe, akakifungua. Kidonge cha kijivu. Jiko lilikuwa tayari limewaka.

"Dada! Umesoma sasa hivi!"

"Nimesoma."

"Umeelewa?"

"Nimepata yote, hukusikia? Wewe na darasa lako la sita ungepata yote?"

"Sasa mbona unachoma ndani?"

Akanigeukia, kijiko kikigonga kikombe alichoshika, ti-ti-ti-ti. "Karatasi inasema mahali pa wazi. Wewe umezaliwa hapa. Hebu nionyeshe mahali pa wazi. Nikiweka jiko hili pale uani, moshi haujafika juu ya paa, shemeji watatu wamefika. Mmoja ana karo, mmoja ana harusi, wa tatu hana kitu, amekuja tu kuona ni kubwa kiasi gani. Dhahabu ya mtu inachomwa uani? Hiyo ni kama kuoga barabarani. Aliyeandika hii anajua kusoma, lakini shemeji hana."

Nyuma yangu nikasikia kitu kinaanguka. Madam alikuwa mlangoni, vipande vya sabuni vimemdondoka. Nilidhani atakasirika. Badala yake akaingia, akafungua dirisha, akaomba kwa heshima jiko litolewe nje ya mlango, kidonge kirudi kwenye kitambaa, kisha akageuza ndoo akaikalia. Akatoa penseli.

"Mama," akasema, "kazi yangu miaka yote ni kuuliza kama mtu ameelewa. Sijawahi kuuliza kama inawezekana. Nisaidie. Hapa kwako, ni wapi upepo unafika lakini watu hawafiki?"

Tukatoka watatu kutafuta. Dada alikataa shamba la migomba, kwa sababu majirani wanakata majani ya kufunikia chakula huko bila hodi. Alikataa upande wa kisima. Mimi nikapendekeza nyuma ya kanisa, akanitazama hivi kwamba nikapunguza hatua. Tukazunguka boma lote, hadi mwisho wa kiwanja, kwenye choo cha shimo. Dada akasimama. Akainua kidole kujua upepo unakotoka. Akatazama nyuma ya choo: pori dogo, kisha mteremko, hakuna nyumba upande ule.

"Huku," akasema polepole, "hakuna mtu anayemfuata mtu."

"Na moshi?" madam akauliza.

"Moshi huku nani atauliza? Kila mtu anashukuru."

Madam aliandika palepale, karatasi juu ya goti: "Usichome jikoni. Choma nje, nyuma ya choo, watoto wakiwa mbali. Simama upepo ukupige mgongoni. Funga mdomo mpaka moshi uishe."

Nasikia wakubwa wa madam, huko mji mkuu, hawakufurahi. Hawakutaka choo kwenye karatasi yenye nembo yao. Walipendekeza "eneo la nyuma la makazi." Madam akaziweka sentensi zote mbili kwenye ile kompyuta mbele yao. Mashine haijui adabu, inahesabu tu. Ile yao ikawa ya chuo kikuu. Yetu ikapita kwa alama za juu kuliko karatasi yoyote ya ofisi ile, kwa kuwa choo ni neno fupi sana. Ikachapwa.

Mimi niliondolewa kazini muda mfupi baadaye, bila ugomvi. Madam alinikuta nikimsahihishia dereva neno la kitaalamu, akanyoosha mikono. "Umeharibika," akasema kwa huzuni. "Sasa wewe ni wa darasa la tisa." Nikaenda Tiira kukaa kwa dada kidogo, kabla sijajua pa kuelekea. Kwa kweli nilitaka kuona.

Siku yake ya kuchoma ilikuwa Alhamisi. Baada ya chakula alifunga kitambaa kiunoni, akachukua jiko kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, akaelekea chooni. Nilichokuwa sijakitegemea ni majirani. Hawakuona dhahabu, hilo lilifanikiwa. Waliona mwanamke anayekwenda chooni na jiko, anakaa huko nusu saa. Kwao kulikuwa na maelezo ya aina moja tu: tumbo, tena tumbo la kutisha, kiasi kwamba anahitaji moto wa kujipasha. Alhamisi ya kwanza jirani mmoja alileta majani ya mpera ya kuchemsha. Ya pili, mwingine akaleta pakiti za chumvi ya kuharisha. Shemeji mmoja alifika kwa shida zake za kawaida, akaambiwa dada yuko wapi na tangu saa ngapi, akaacha salamu akaondoka bila hata kukaa.

"Mwache," dada akaniambia nilipotaka kumrudisha. "Hii karatasi ina dawa nyingine ndani ambayo hata madam hakuiandika."

Zahanati walimpima na kumwambia aendelee kukaa mbali na moshi, na arudi tena. Mikono bado inatetemeka. Sindano bado natunga mimi. Ila juzi alimimina chai, na nilitazama sahani kwa makusudi, ilikuwa na maji kidogo tu ya pembeni, kama ya mtu yeyote mwenye haraka.

Alhamisi iliyopita nilikuwa jikoni, dirisha wazi, nasonga ugali. Kutoka pale namwona dada nyuma ya choo, amesimama wima, upepo mgongoni, midomo ameikaza, macho kwenye kikombe. Jirani wa majani ya mpera akapita njiani na kuni kichwani.

"Mama, bado tumbo?" akapaza sauti.

Dada hakujibu. Moshi ulikuwa bado unapanda. Alitikisa kichwa tu, polepole.

Jirani akanigeukia mimi dirishani, uso umejaa huruma. "Maskini," akasema, "leo hata kuongea hawezi."

"Hawezi, mama," nikamjibu. "Na asijaribu."